Theluthi mbili: Katiba ya Kenya tuliipitisha 2010, Bunge linakwamia wapi?

MkaaziUmoja2
Wadau, nifafanulieni. Kifungu 81(b) kinasema jinsia moja isizidi theluthi mbili kwenye mabaraza ya kuchaguliwa. Mabunge ya kaunti yanatii, Bunge la Kitaifa halitii. Mbona lisipitishe sheria ya kawaida tu yaishe?

Karani_wa_Miswada
Kwa sababu ya Kifungu 97. Kaunti ziliwekewa njia: Kifungu 177 kinaongeza viti maalum mpaka jinsia iliyopungua ifike theluthi. Bunge la Kitaifa lilihesabiwa viti vikaisha: 290 vya maeneobunge, 47 vya wawakilishi wa wanawake, 12 vya uteuzi. Theluthi ya 349 ni 117. Mwaka 2017 wanawake 23 walishinda maeneobunge. Jumlisha 47, unapata 70. Hata wateule wote 12 wangekuwa wanawake, pengo lingebaki 35. Sheria ya kawaida haiundi kiti ambacho Katiba haikukitaja.

Sasa njoo kwenye marekebisho ya Katiba. Mswada ukisomwa mara ya kwanza unakaa siku 90. Kisha kusomwa mara ya pili na ya tatu, kila mara zinatakiwa theluthi mbili ya wabunge WOTE, yaani 233, si ya waliohudhuria. Seneti nayo, 45. Hapo ndipo ujanja ulipo: asiyetaka mswada hana haja ya kusimama akaupinga mbele ya kamera. Anakaa mkahawani, hesabu inammalizia kazi. Februari 2019 walipatikana 174 tu, wakapungua 59.

MkaaziUmoja2
Na korti?

Sheria_Mtaani
Korti zimesema mpaka basi. Mahakama ya Juu, 2012: sheria iwe tayari kufikia 27 Agosti 2015. Bunge likajiongezea mwaka mmoja, na Kifungu 261 hakiruhusu zaidi ya mara moja. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikatoa siku 60, zikapita. Septemba 2020 Jaji Mkuu Maraga akamshauri Rais avunje Bunge. Ushauri huo ukasitishwa na Mahakama Kuu siku chache baadaye, na Bunge likaendelea hadi uchaguzi wa 2022.

Karani_wa_Miswada
Na ukivunja Bunge, litakalochaguliwa litatumia Kifungu 97 kilekile. Unarudi na pengo lilelile.

Ajuza_wa_Kura
Karani, hapo kwa Katiba kuguswa tunatofautiana kidogo. Vyama vinaweza kubanwa kupitia sheria za uchaguzi: theluthi ya wagombea wa maeneobunge wawe wa jinsia ya pili, la sivyo orodha irudishwe. Hiyo hupita kwa wingi wa kawaida wa kura. Ila usiandike "theluthi ya wagombea" ukaachia hapo, maana chama kitawapeleka wanawake kwenye ngome za wapinzani na kuwabakizia wanaume tikiti za uhakika. Sharti lipimwe pia kwa maeneobunge ambayo chama kilishinda uchaguzi uliopita.