Kupanua skrini ya laptopu kwenye kishikwambi na laptopu ya zamani: programu gani, na kwa nini picha inakwama?

MezaMoja
Salaam wakuu. Nina laptopu ya Windows 11 yenye skrini ya inchi 15, kishikwambi cha Android cha inchi 10 (1920 kwa 1200), na laptopu ya zamani ya Windows 10. Nataka kishikwambi kiwe skrini ya pili ya kweli: niburute dirisha kutoka laptopu mpaka kule, siyo picha ileile ionekane mara mbili. Laptopu ya zamani nayo ikae kushoto kama skrini ya tatu.

Laptopu mbili nimeziunganisha kwa kebo ya HDMI, hakuna kinachotokea. Kishikwambi kinapata picha kwa Wi-Fi kupitia programu niliyosakinisha, ila kipanya kinaburuta mkia na kila baada ya sekunde chache kinaganda. Nibadilishe programu?

kebo_kwanza
Mkuu, tuanze na HDMI. Tundu la HDMI la laptopu ni la kutoa picha tu. Ukiunganisha laptopu mbili, zote zinasema na hakuna inayosikiliza. Hakuna kitakachoungua, lakini pia hakuna mpangilio wa Windows utakaokusaidia, kwa sababu ndani hamna chipu ya kupokea. Zipo adapta ndogo zinazopokea HDMI na kuingia kwenye USB. Laptopu ya zamani itaiona kama kamera. Nyingi za USB 2.0 zinaishia fremu 30 kwa sekunde kwenye 1920 kwa 1080, na ukisogeza kipanya unaona kabisa kinafika kimechelewa. Kutazama chati inafaa, kuandika inachosha.

Kuhusu kuganda: usiguse programu kwanza. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Zidisha kwa biti 24 za rangi, kisha kwa fremu 60, unapata karibu gigabiti 3 kila sekunde. Hazipiti kwenye Wi-Fi ya nyumbani, kwa hiyo kila programu ya namna hii lazima ibane picha mpaka ibaki megabiti chache au makumi machache. Mtandao wako pengine unazibeba bila shida. Kinachouma ni kwamba pakiti (vipande vya data vinavyobeba picha) hazifiki kwa mpigo mmoja: kwa fremu 60, kila fremu ina milisekunde 16.7 tu ya kufika, na pakiti moja ikichelewa milisekunde 200 umeshakosa fremu 12.

Pima. Tafuta anwani ya IP ya kishikwambi kwenye mipangilio yake ya Wi-Fi, kisha kwenye laptopu fungua Command Prompt uandike:

ping -n 50 192.168.1.23

(weka anwani yako). Inapima muda wa pakiti kwenda na kurudi. Wastani usikushughulishe sana. Tazama kiwango cha juu kabisa. Kikiwa mamia ya milisekunde, programu yoyote itaganda.

Jambo moja watu hulisahau: laptopu na kishikwambi vikiwa vyote kwenye Wi-Fi, kila pakiti inapita hewani mara mbili, kwenda kwenye ruta na kutoka kwenye ruta. Laptopu ikichomekwa kwenye ruta kwa kebo ya mtandao, safari moja ya hewani inaondoka. Huwezi? Basi hamishia vifaa vyote kwenye bendi ya GHz 5. Ile ya GHz 2.4 inagombaniwa na majirani wote, na Bluetooth nayo imo humohumo.

Ubao_wa_Pili
Naongezea upande wa kishikwambi. Kwa Windows kwenda Android, mimi ningechukua programu ya spacedesk na kebo ya USB. Hatua ni hizi: sakinisha kiendeshi chake (driver) kwenye laptopu, washa upya, sakinisha programu ya kutazamia kwenye kishikwambi. Kwenye laptopu fungua dirisha la spacedesk, ingia sehemu ya njia za mawasiliano, washa "USB Cable Android". Chomeka kebo, fungua programu kwenye kishikwambi. Ukishaona picha, bonyeza Windows+P uchague "Extend". Ukiacha "Duplicate" utapata picha ileile kotekote na utadhani programu imeshindwa.

Kisha nenda Settings, System, Display. Utaona visanduku 1 na 2. Viburute vikae kama vifaa vilivyokaa mezani, mpaka kingo zigusane. Kisanduku cha 2 kikiwa kulia ilhali kishikwambi kiko kushoto, kipanya kitagonga ukingo na kukataa kuvuka. Urefu wa visanduku ukitofautiana, kipanya kinavuka pale tu kingo zinapokutana. Kwenye kona kitanasa. Bofya kisanduku cha 2, weka ukuzaji wa 150%, la sivyo maandishi ya 1920 kwa 1200 kwenye inchi 10 yatakuumiza macho.

Kebo yenyewe: nyingi ni za kuchaji tu, ndani hazina nyaya za data. Ukichomeka na kishikwambi kisitoe chaguo la kuhamisha faili, badilisha kebo kabla ya kulaumu kitu kingine.

Ukibaki kwenye Wi-Fi na kishikwambi hakiioni laptopu kabisa, angalia vitu vitatu. Mtandao uwe umewekwa "Private" kwenye Windows. Windows Firewall iruhusu spacedesk (inatumia poti 28252, yaani namba ya mlango wake wa mtandao). Na msiwe kwenye Wi-Fi ya wageni: ruta nyingi huzuia vifaa vya wageni visionane, hata kama vyote vina intaneti. VPN iliyowashwa nayo huweza kukata njia ya ndani.

panya_mmoja
Kabla ya kuifanya laptopu ya zamani skrini ya tatu, jiulize: unataka skrini yake, au unataka kompyuta nzima? Ukiigeuza skrini tu, kichakataji chake na kumbukumbu yake vinakaa bure, na laptopu mpya inabeba mzigo wote pamoja na kubana picha.

Kama kazi ya kule ni kivinjari, barua pepe na muziki, viache viendeshwe na laptopu ya zamani yenyewe, wewe shiriki kibodi na kipanya peke yake. Hapo hakuna picha inayosafiri, kinachosafiri ni mibonyezo ya vitufe. Hata Wi-Fi dhaifu inatosha.

Kwa Windows pande zote mbili tumia Mouse Without Borders, iliyo ndani ya PowerToys ya Microsoft. Sakinisha kote, tengeneza ufunguo wa usalama kwenye ya kwanza, andika ufunguo huo na jina la kompyuta kwenye ya pili, panga visanduku. Inabeba hadi kompyuta 4. Unanakili maandishi huku, unabandika kule. Faili pia inapita, moja moja, isiyozidi MB 100. Ukiona kipanya kinakufa kila dirisha la kuomba ruhusa ya msimamizi linapotokea, washa chaguo la kuiendesha kama huduma ya mfumo.

Ukichanganya Windows na Linux au Mac, chukua Deskflow au Input Leap, programu za kazi hiyohiyo. Barrier, ambayo bado inatajwa sana, haiendelezwi tena. Seva ni ile kompyuta yenye kibodi halisi, poti ni 24800, na jina la kila skrini liandikwe sawasawa na lile ambalo kompyuta husika inajitambulisha nalo. Kosa la herufi moja linatosha kuzuia muunganisho.

Mawimbi5
Sikatai, lakini akitaka kuburuta dirisha moja kwa moja mpaka laptopu ya zamani, Miracast, njia ya kurusha skrini bila waya, imo tayari ndani ya Windows. Kwenye laptopu ya zamani: Settings, System, "Projecting to this PC". Kama chaguo limefifia, ingia "Optional features" uongeze "Wireless Display". Iruhusu ipatikane, weka PIN iombwe kila mara, na uichomeke kwenye umeme: kuna swichi inayoifanya ionekane ikiwa inachajiwa tu, na watu huhangaika sana na hiyo. Fungua programu ya kupokelea. Kwenye laptopu mpya bonyeza Windows+K, chagua jina lake.

Isipotokea, endesha netsh wlan show drivers kwenye laptopu mpya, utafute mstari wa "Wireless Display Supported". Lazima kadi ya picha na kadi ya Wi-Fi zote ziandikwe Yes. Ya Wi-Fi ikiandikwa No, sasisha kiendeshi chake kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu.

Miracast kwa kawaida hufungua kiungo chake cha Wi-Fi Direct, yaani kifaa kwa kifaa bila kupitia ruta. Kiungo hicho kikiwa kwenye chaneli moja na mtandao wa nyumbani kwenye nyingine, redio ileile inarukaruka kati ya mbili, na wewe unaona picha inaganda.

MezaMoja
Asanteni sana. Ping: wastani milisekunde 6, cha juu 310. Nimehamia kebo ya USB, kipanya sasa kinateleza. Laptopu ya zamani nimeipa Mouse Without Borders. Maswali matatu yamebaki: maandishi mekundu kwenye mandhari nyeusi yana ukungu kwenye kishikwambi, betri yake inashuka ingawa imechomekwa, na filamu ya kulipia inatoka sauti tu, picha nyeusi.

Ubao_wa_Pili
Ukungu: ili kubana picha, programu nyingi hutunza mwangaza wa kila pikseli lakini pikseli 4 zinagawana rangi moja. Kwenye picha ya kawaida hauoni. Kwenye herufi nyembamba nyekundu, rangi inamwagika pembeni. Ongeza ubora kwenye mipangilio ya programu ya kutazamia, kebo inaubeba. Ikizidiwa, shusha fremu ziwe 30 kabla ya kushusha vipimo vya skrini. Kama lazima ushushe vipimo, 1280 kwa 800 inapunguza pikseli kutoka 2,304,000 hadi 1,024,000, chini ya nusu. Na maandishi unayosoma muda mrefu yaache kwenye skrini ya laptopu.

Betri: tundu la USB 2.0 kwa kiwango chake linatoa milliampea 500, la USB 3.0 milliampea 900, na skrini ya inchi 10 iliyowaka kwa nguvu inaweza kula zaidi. Hamia tundu la USB 3.0 au la USB-C, punguza mwangaza.

Filamu: hiyo ni kinga ya hakimiliki, picha inazuiwa isinakiliwe na programu ya skrini. Itazame kwenye skrini ya laptopu yenyewe au kwa programu ya huduma hiyo ndani ya kishikwambi.

kebo_kwanza
Moja zaidi, utaihitaji siku utakapochomoa kebo ghafla: dirisha linabaki upande ambao haupo tena. Libofye kwenye upau wa chini, kisha Windows+Shift+mshale wa kushoto au kulia. Likikataa, Alt+Space, herufi M, gusa mshale wowote mara moja, halafu sogeza kipanya; dirisha litakifuata mpaka ubofye.