Tupeane uzoefu: "hiyo si kazi ya mwanaume", "huo mkasi si wa mwanamke"

Mleta mada
Wadau, salaam. Fundi cherehani wa kibarazani ni mwanaume na hakuna anayeshangaa. Huyohuyo akifuma vitambaa vya makochi anachekwa. Binti akija kujifunza anapewa vifungo na pindo, mkasi hapewi. Tupeane uzoefu, ila wa kazi yenyewe.

Mkasi_Mkali
Kwenye mkasi ndiko kwenye hela, ndiyo maana unafichwa. Binti aanze kukata mapema. Kitambaa cha pamba kilowekwe na kukaushwa kwanza, maana kikija kurudi baada ya kushonwa, nguo haivaliki. Mguu wa suruali ulazwe sambamba na ukingo wa kitambaa. Ukiulaza mshazari ili kubana matumizi, utajipinda ukifuliwa na hakuna pasi itakayounyoosha. Acha sentimita 1.5 za mshono, nyuma kwenye makalio 3, mteja akinenepa upanue.

MamaKofia
Zanzibar kofia anavaa mwanaume, anayeidarizi aghalabu mwanamke. Hapo hamcheki! Kichwa cha sentimita 57 kinataka duara la juu lenye kipenyo cha 18 hivi, bado hujaongeza mshono. Likizidi, kofia inakunjamana juu. Vitobo vitoboe kwa ncha, usikate kwa wembe: ncha inasogeza nyuzi, wembe unazikata, na ikifuliwa mara chache tobo linafumuka hata ulizungushie uzi vipi.

Wa_Kasai
Kwa Wakuba huku Kongo, anayefuma rafia (nyuzi za majani ya mti jamii ya mitende) kwenye kitanda cha mfumi ni mwanaume, nakshi ni ya mwanamke. Anapitisha uzi laini chini ya uzi wa mtande (ule wa urefu wa kitambaa), anauvuta mpaka ibaki ncha fupi, upande wa pili anakata kwa kisu kidogo. Fundo hakuna, uzi unashikwa na ubano wa kitambaa tu. Kwa hiyo mfumaji akilegeza, hizo ncha, yaani manyoya, zinatoka na lawama anabeba mama wa watu. Kufuma kente, kitambaa cha Ghana, nako kwa desturi ni ya wanaume.

Mleta mada
Mkuu Mkasi, na cherehani yenyewe? Mabinti wanaambiwa wasiguse skrubu.

Mkasi_Mkali
Waguse. Vitanzi vikitokea chini ya kitambaa, tatizo liko juu: uzi haujaingia kwenye visahani vya kukazia. Inua mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, tunga upya. Vikiendelea, kaza skrubu ya visahani hivyo robo mzunguko, jaribu kwenye kipande. Wengi wanakimbilia kufungua bobini (kigurudumu cha uzi wa chini), na bobini haina kosa.