Walimu wenzangu, uzamili wa uongozi wa elimu mtandaoni: nijitose au nitulie?

Naibu_Likoni

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Mimi ni mwalimu wa msingi, naibu wa mwalimu mkuu, gredi C4, umri miaka 39. Shule iko kisiwani Mombasa, nyumba iko Likoni ng'ambo, kwa hivyo feri asubuhi na feri jioni. Wanaoijua wananielewa.

Digrii yangu ya kwanza niliisoma kwa likizo: Aprili, Agosti, Desemba, miaka yote ile sikujua sikukuu. Sasa nataka uzamili wa uongozi na usimamizi wa elimu, na lazima uwe wa mtandaoni. Nina watoto wawili na mama mzazi ambaye hawezi kuachwa peke yake usiku.

Kilichonichoma ni hiki. Tangu JSS, yaani sekondari ya chini, iletwe kwenye shule zetu za msingi, nina walimu vijana wa digrii za sayansi wanaonitazama nikipanga ratiba kama vile nimeokota kazi njiani. Juzi niliitisha kikao kuhusu maabara (maabara yenyewe ni stoo, ina beseni mbili na jiko la gesi). Kijana mmoja akaniuliza mbele ya wenzake, "Mwalimu, uongozi ulisomea wapi?" Nikacheka nao. Usiku sikupata usingizi.

Nimeangalia vyuo vya umma vya hapa Kenya vinavyofundisha kwa masafa. Nimeangalia pia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Halafu kuna chuo kimoja cha Marekani, kila kitu mtandaoni, miezi 18, hakuna tasnifu, dola 12,000, na wakala wao ananipigia kila siku kuhusu punguzo. Mume wangu anasema kwa pesa hizo bora tununue ploti Kwale, na sijapata jibu la kumpa.

Je, TSC, tume inayotuajiri walimu, itanipandisha? Na cheti cha mtandaoni kinadharauliwa? Naomba ushauri, matusi nina ya kutosha shuleni.

Chaki_Nyeupe

Waaleikum salaam dada. Nianze na TSC, maana hapo ndipo wengi tunapojidanganya.

Zamani ulikuwa ukipeleka cheti kikubwa, unapanda. Hiyo imekwisha. Siku hizi nafasi inatangazwa, unaomba, unaitwa, unahojiwa. Wewe uko C4, ngazi ya juu yako ni C5, mwalimu mkuu. Watataka uwe umekaa miaka 3 kwenye gredi yako, wataangalia TPAD, ile tathmini ya utendaji wako, wataangalia kazi uliyofanya. Uzamili utakusaidia ukishakaa mbele ya jopo. Kukufikisha mbele ya jopo ni habari nyingine.

Mimi ninao tangu 2016. Niko C4 kama wewe. Tofauti yetu ni mkopo wa Sacco.

Mpwani_Mkaidi

Sikiliza mumeo. Ploti haihitaji bando.

Mzee_wa_Zamu

Mwanangu, mimi nimestaafu, kwa hivyo sina cha kuogopa. Nilikuwa mwalimu mkuu miaka mingi, upande wa Changamwe. Kabla hujakimbilia uzamili, ulishapita KEMI, ile taasisi ya usimamizi wa elimu? Ile diploma yao ya uongozi na usimamizi wa elimu ni fupi, ni nafuu, na inaongea lugha ya shule zetu: vitabu vya hesabu, bodi ya shule, manunuzi, mgao wa serikali unaokuja umechelewa na nusu. Kijana akikuuliza tena ulisomea wapi, una jibu kabla mwaka ujao haujaisha.

Uzamili ni mzuri, siukatai. Lakini uzamili utakufundisha nadharia za uongozi za watu ambao hawajawahi kufungua shule Jumatatu hakuna maji.

Naibu_Likoni

Mzee shikamoo. KEMI nilisikia lakini nilidhani ni ya walimu wakuu tu.

Mzee_wa_Zamu

Marahaba. Manaibu walikuwepo tele wakati wangu. Uliza.

Binti_Mji_wa_Kale

Dada, mimi nimeupitia uzamili huu kwa masafa, chuo cha hapa hapa Kenya, sitakitaja. Nikueleze nilichokiona ili usije ukasema hukuambiwa.

Masomo ya darasani si shida. Usiku watoto wakilala unafungua moduli, unaandika kazi yako, unatuma. Stima ikipotea unawasha data ya simu. Na kuna mambo yatakufaa kesho yake asubuhi. Somo la sheria ya elimu lilinitoa ushamba kabisa. Nilikuwa mwalimu miaka 11 na sijawahi kusoma kwa macho yangu kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kile kinachokataza kumpiga na kumnyanyasa mwanafunzi. Nilikuwa najua "imekatazwa", basi. Kukisoma chenyewe, pamoja na adhabu yake, ni kitu kingine. Nilirudi shuleni nikaongea tofauti na walimu wangu.

Shida ni tasnifu. Hapo ndipo watu hufia.

Mimi nilikuwa nafanya utafiti wangu katika shule za msingi za Mvita. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ninacho, barua ya elimu ya kaunti ninayo. Ijumaa tarehe 13 Machi 2020 nikachapisha hojaji 120 pale Mwembe Tayari, nikazipanga kwenye bahasha za kaki, kila shule na bahasha yake. Jumapili ikatangazwa shule zote zifungwe. Mei wakatufungia Mji wa Kale, hakuna kutoka hakuna kuingia. Bahasha zangu zikalala chini ya kitanda, mende wakazijaza kabla ya walimu.

Hiyo ni korona, utaniambia. Sawa. Lakini hata bila korona, msimamizi wangu alinyamaza miezi 3 na sura yangu ya pili mkononi mwake. Ukiwa kampasi unamvizia mlangoni. Ukiwa mtandaoni, barua pepe yako ni moja kati ya mia. Nilihitimu 2022, safari niliyoianza 2018.

Kwa hivyo usiulize chuo "kozi ni miezi mingapi?" Tafuta wanafunzi wao watatu uwaulize, "Msimamizi wako hukujibu baada ya siku ngapi?"

Na panga ukusanyaji wa data katikati ya muhula. Kibali kikitoka shule zimefungwa, umekula hasara ya mwezi mzima.

Kalamu_ya_Kukodi

Propozali, tasnifu, uchambuzi wa data kwa SPSS, kazi safi haraka, bei ya kuelewana. Njoo inboksi.

Chaki_Nyeupe

Huyu tena. Uzi wa uongozi wa shule, halafu unamuuzia naibu wa mwalimu mkuu udanganyifu wa mtihani?

Msimamizi wa jukwaa

Kalamu_ya_Kukodi amefungiwa. Tuendelee.

Kijana_wa_Tudor

Mimi nizungumzie hicho cha Marekani, maana dadangu anafundisha Minnesota na aliwahi kuifikiria kozi kama hiyo.

Kule uzamili wa uongozi wa shule mara nyingi umetengenezwa kumpa mtu leseni ya kuwa mwalimu mkuu, na leseni inatolewa na jimbo, si nchi nzima. Ndiyo maana kozi nyingi zina saa za mafunzo kazini ndani ya shule, chini ya mwalimu mkuu mwenye leseni, na baadhi ya majimbo yana mtihani wake juu. Sasa wewe saa hizo utazifanyia wapi, Likoni? Ama utapewa toleo lisilo na leseni, yaani unalipia gari bila injini. Na sheria utakayosoma ni ya jimbo lao, fedha za shule ni kodi ya nyumba za kwao. Mgao wa mtoto wa Kenya hawaujui.

Pia Marekani hakuna kitu kama CUE yetu, tume ya elimu ya vyuo vikuu, ofisi moja ya serikali inayoidhinisha vyuo vikuu vyote. Kuna mashirika ya ithibati, kama Higher Learning Commission. Tafuta jina la chuo chako kwenye orodha ya CHEA, baraza lao la mambo ya ithibati, iko mtandaoni, ni bure. Usipokiona humo, mzuie huyo wakala simu leo usiku.

Mkufunzi_Kilifi

Naongezea. Cheti chochote cha nje, hata cha hapo Dar, ukikileta Kenya lazima kitambuliwe na kulinganishwa na vya kwetu kabla mwajiri hajakitia maanani. Waandikie CUE kabla ya kulipa ada. Watu huwaandikia baada ya mahafali, wakiwa na joho na keki.

Huria cha Tanzania si chuo cha kuokoteza. Kilianzishwa kwa sheria ya 1992 na elimu masafa ndiyo kazi yake tangu siku ya kwanza; kina uzamili wa elimu katika utawala, mipango na sera. Ila fahamu kuna tasnifu, na sera utakayosoma ina harufu ya Dodoma. Kama lengo lako ni C5 hapa, mimi ningesoma hapa.

La kudharauliwa: cheti cha chuo kinachotambuliwa ni cheti. Anayedharauliwa ni mtu asiyeweza kueleza alichosoma.

Chaki_Nyeupe

Na pesa dada. Kumbuka ile theluthi ya mshahara wa msingi lazima ibaki. Kama una mkopo wa nyumba unakatwa, Sacco hawatakupa hata ukilia. Lipa muhula kwa muhula.

Mpwani_Mkaidi

Nimesoma yote. Bado nasema ploti, lakini KEMI naona ina mantiki. Mzee kanipinda kidogo.

Naibu_Likoni

Nimerudi. Samahani, feri moja iliharibika jana, nimefika nyumbani saa tatu usiku.

Nilimuuliza wakala wa Marekani maswali mawili tu: nani ameupa chuo ithibati, na mafunzo kazini nitafanyia wapi. Akanijibu, "Madam, punguzo linaisha Ijumaa." Nimemzuia.

Mume wangu amesoma uzi huu akiwa ameshika kikombe, akasema huyo Mpwani_Mkaidi ni mtu wa maana. Tumeelewana: naanza na KEMI mwaka huu, halafu natafuta uzamili wa hapa Kenya nikishamaliza kukatwa mkopo wangu mwezi wa tisa mwakani. Bi Mji wa Kale, nitakutafuta unipe majina ya hao watu watatu wa kuuliza. Ningependa utafiti wangu uwe juu ya hili hili, mwalimu mkuu wa msingi anayeongoza walimu wa JSS. Naona data ninayo ofisini kila asubuhi.

Binti_Mji_wa_Kale

Mada nzuri, lakini usifanyie shule yako mwenyewe. Nani atajaza hojaji kwa ukweli na wewe ndiye unayepanga zamu?

Mzee_wa_Zamu

Na yule kijana wa kikao?

Naibu_Likoni

Nimempa ufunguo wa stoo na bajeti ndogo aipange mwenyewe. Leo amekuja ofisini kuomba beseni ya tatu.