Tupeane uzoefu: wema wa mtu usiyemjua, wewe uliupeleka wapi?

Mwanzisha uzi

Habari za jioni wanajamvi.

Nina deni tangu 2011. Ulikuwa mwezi wangu wa kwanza Dar, nimetoka Sumbawanga, nikapanda daladala ya Mbagala pale Kariakoo jioni, tumeshonana hata pa kuweka mguu hapana. Konda kafika, naingiza mkono mfukoni, pochi hakuna. Nikaanza kujieleza, konda akanikata: kituo kinachofuata shuka. Mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu yangu, kapakata kapu la ndizi, akashika pindo la kanga yake, akafungua fundo kwa meno. Mlikuwa na noti moja imekunjwa hadi ikawa ndogo kama kidonge. Akalipa ya watu wawili, chenji akaifunga palepale. Aliposhuka Mtongani aliniambia tu, "Haya mwanangu, ufike salama." Asante ikanibaki mdomoni.

Yule mama sitamwona tena, na hata nikipishana naye sitamtambua. Kwa hiyo deni nililihamishia kwa wanafunzi. Wote tunajua wanavyozuiwa mlangoni kwa sababu nauli yao ni ndogo. Mvua ikinyesha na mimi niko kituoni, namwambia konda awaingize wawili watatu, pengo la nauli juu yangu. Siyo kila siku, mfuko nao una siku zake. Lakini ninapokuwa nayo, nafanya.

Karibuni na za kwenu. Naomba visa, misemo tunayo ya kutosha.

Baba Mapacha

Mkuu, umenigusa. 2017 mke wangu alijifungua mapacha, damu ikawa haikati. Wa kuchangia tulikuwa wawili tu: mimi kundi langu halikuendana na lake, shemeji yangu uzito haukufika kilo 50. Nje ya wodi kulikuwa na kijana wa bodaboda ameleta mgonjwa wa watu wengine kabisa, anasubiri hela yake. Alisikia nesi anavyoniuliza. Akavua jaketi, akalikunja vizuri juu ya benchi, akasema, "Mimi ni kundi O, nipimeni." Nilikuwa ndani na mke wangu wakati anamaliza. Nilipotoka kumtafuta, pikipiki haipo.

Tangu siku hiyo nachangia kila baada ya miezi mitatu. Wanaume ni miezi mitatu, akina mama minne, ukiwa na afya njema na umri kati ya miaka 18 na 65. Na niseme jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua: damu haiwekwi kama akiba ya mahindi. Kwenye jokofu inakaa wiki tano hivi, basi. Uliyotoa Januari haimsaidii mzazi wa Aprili. Wanaohitajika ni watu wa kurudi.

Mapacha wangu wako darasani sasa hivi. Kila nikiwapeleka shule kwa bodaboda namtazama dereva usoni, labda ni yeye.

Mwana wa Barazani

Mimi nitaleta upande wa mtoaji. Nyumbani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa, bibi aliweka mtungi barazani na kata yake. Maji ya sabili: apitaye anywe, asiulizwe atokako. Kila Ijumaa kazi yangu ilikuwa kuusugua kwa makumbi ya nazi, kisha bibi aufukize ubani kabla ya kuujaza. Maji yale yalikuwa na harufu ambayo mpaka leo nikiinusa mahali nasimama.

Bibi alipofariki, siku ya tatu alikuja mzee wa mkokoteni, hakuna aliyemjua pale nyumbani. Alikaa barazani akalia kama mtoto. Alisema miaka yake yote ya kubeba mizigo kutoka sokoni, pumziko lake lilikuwa hapa, na bibi hakumwuliza jina hata siku moja.

Sasa nina duka la vipuri. Nje nimeweka dumu lenye koki na vikombe viwili. Ubani haushiki kwenye plastiki, lakini mahamali wanakunywa.

Mgeni wa Stendi

Samahani, mimi nina kisa kichungu. Nilimpa kijana simu stendi ampigie mama yake, akaondoka nayo. Mwaka mzima sikumsaidia mtu. Kilichonirudisha ni mzee mmoja aliyepotezana na mwanawe palepale stendi, kila anayemsogelea anamkwepa, na mimi nikamkwepa. Nilipanda basi nikashindwa kukaa, nikashuka. Siku hizi namba naipiga mimi, naweka spika, simu haitoki mkononi mwangu. Na mwana wa yule mzee alipatikana.

Mwanzisha uzi

Pole sana ndugu yangu. Na ahsante kwa kushuka kwenye lile basi.

Mtumwa wa Riziki

Nawasalimu kutoka Muscat. Wiki yangu ya pili hapa nilikuwa zahanati, homa kali, Kiarabu sijui neno. Bibi mmoja wa Kiomani aliniangalia, akaniuliza kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, "Mwanangu, wewe wa wapi?" Kumbe kazaliwa Zanzibar, kaja huku baada ya 1964. Nililia kabla sijamjibu. Aliingia nami kwa daktari, akatafsiri kila kitu, hata yale ya aibu.

Binti akifika mgeni, mimi ndiye wa kumpokea. Namwonyesha jinsi ya kutuma pesa nyumbani, namwambia mkataba apige picha na pasipoti apige picha, atume kwa ndugu. Halafu namkalisha tuongee Kiswahili mpaka ashibe.

Msomaji Kimya

Mimi huwa nasoma tu, sichangii mada. Jana usiku nilisoma alichoandika Baba Mapacha, leo asubuhi nimekwenda kutoa damu kwa mara ya kwanza. Dakika kama kumi, nikapewa soda na biskuti. Nesi aliuliza nimekuja kumchangia mgonjwa gani. Nikamwambia bado hajafika.