Wazaramo waliuza Dar, au waliuza minazi?

Kitukuu wa Pugu (mleta mada):
Wakuu, habari za jioni. Juzi msibani nimeusikia tena ule wimbo: "Wazaramo waliuza ardhi yao, hela wakachezea mdundiko, sasa wanalia nini?" Umenikaa kooni siku tatu. Naomba tuuchambue.

Kabla ya Sultani Majid wa Zanzibar kuanza kujenga mji wake wa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1860, pale palikuwa na kijiji cha Mzizima. Pwani walikaa Washomvi na chumvi yao na samaki wao. Nyuma yao, kuelekea Pugu na Kisarawe, Wazaramo na viongozi wao walioitwa Pazi. Majid akafa 1870, kazi yake ikalala. Wajerumani wakaja kuufanya mji makao makuu 1891, na 1895 wakatoa amri kwamba ardhi isiyothibitika kuwa na mwenyewe ni ya Dola. Mwingereza naye, kwa sheria ya 1923, akasema ardhi ni ya umma, iko chini ya Gavana. Baada ya uhuru alibadilika mshika funguo tu: leo mdhamini ni Rais.

Sasa babu yangu aliuza nini? Mbele ya sheria hakuwa na ardhi ya kuuza. Bwana mthamini alipokuja alishika daftari, akapita shambani akihesabu: mnazi unaozaa bei yake, mche bei yake, mkorosho, mwembe, kibanda cha makuti. Udongo wenyewe haukuwa na mstari kwenye daftari. Sera ya Ardhi ya 1995 na sheria za 1999 ndizo zilizokuja kutamka kwamba ardhi nayo ina thamani. Wakati huo Magomeni na Sinza zilishapimwa zamani, watu wanalala ndani.

Swali langu: wenyeji hawa watambuliwe rasmi, au tuendelee kuambiwa "mlikula hela"?

Mmachame wa Kimara:
Pole kwa msiba, mkuu, ila hapa sikubaliani nawe. Mimi nilinunua kwa mzee wa Kizaramo mwaka 1994. Mjumbe alikuwepo, mashahidi wanne, chai na maandazi. Hakuna aliyemshika mkono. Halafu hiyo "wa kwanza" inaanzia wapi? Simulizi za Wazaramo wenyewe zinawatoa bara, upande wa Ukutu na Uluguru. Washomvi wanajitaja kwa Barawa. Kila mtu hapa ana alikotoka. Tukifungua mlango huu, kesho Arusha wataulizana nani alitangulia, keshokutwa Mwanza. Tulikatazwa kuulizana makabila, na ndiyo maana tunalala usingizi.

Binti Mbwamaji:
Nyote mnaongea kama Dar ilianzia Kariakoo. Mbwamaji, Msasani, Kunduchi kuna makaburi ya kale ya mawe kabla Majid hajazaliwa. Bibi yangu alikuwa akienda kuyafagia, siku hizi kufika tu mpaka umwombe mlinzi wa getini. Sidai kiwanja cha mtu. Nataka njia ya kwenda kwenye kaburi.

Mnyamwezi Mtani:
Mimi nadai hongo, ule ushuru wa njia wa zamani! Babu zangu wamebeba pembe kutoka Tabora, kufika Uzaramo wanazuiwa njiani: toa nguo ndio upite. Watani, mlikuwa na kizuizi kabla ya askari wa barabarani. Rudisheni kwanza kaniki zetu, utambulisho baadaye.

Kitukuu wa Pugu:
Mtani, kaniki alizikwa nazo babu, mkafukue 😀

Binti Mbwamaji, umesema jambo kuliko mimi. Hilo la njia ya kaburini linawezekana kesho asubuhi, halihitaji hata Bunge.

Mmachame, nakukubalia moja: wa kwanza kabisa hatutampata, na wala simtafuti. Tanzania ilipiga kura ya ndiyo kwa Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za watu wa asili mwaka 2007, huku nyumbani msimamo ni kwamba sote ni wenyeji. Sawa. Ila kama sote ni wenyeji, mbona jina la Mzizima tunalisikia zaidi kwenye dabi ya mpira, Azam akicheza na Simba? Kibao kimoja pale Magogoni, kwenye foleni ya kivuko, kingemvunjia nani nyumba? Na kwenye ununuzi wako sikusemi wewe kwa ubaya. Nasema kwa desturi ya pwani mti ni kitu kimoja na ardhi ni kingine. Unaweza kumiliki minazi iliyosimama kwenye eneo la mwenzio, na mkaheshimiana mpaka uzeeni. Mzee aliyekuuzia huenda alikuwa na maana hiyo, wewe ukasikia nyingine. Hebu soma mkataba wako.

Mmachame wa Kimara:
Nimeutoa kabatini sasa hivi, karatasi ya daftari, imeanza kuchakaa kwenye mikunjo. Imeandikwa kwa mkono wa mjumbe: "Nimemuuzia minazi saba na mwembe mmoja." Chini dole gumba la mzee. Kiwanja hakijatajwa.

Minazi nilikata wakati wa kuchimba msingi. Mwembe bado upo.