Mjadala: Tamthilia za nje zilazimishwe kusema Kiswahili, au maandishi ya chini yanatosha?

Remoti Mkononi:
Wakuu, hoja yangu ni hii: kituo cha televisheni kinachorusha tamthilia ya nje kilazimishwe kuiingizia sauti ya Kiswahili. Nasema sauti, maandishi ya chini hapana. Tamthilia inarushwa saa ambayo kuna mtu anakatakata vitunguu, mwingine ananyonyesha, na bibi miwani kaiacha chumbani. Nani hapo anasoma? TBC walionyesha njia mwaka 2011 na ile ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, Azam wakaja na Sultan ya Kituruki, na mtaa mzima ukamjua Hurrem, mke wa Sultan. Kwa nini wengine waruhusiwe kutegea?

Fremu 25:
Mkuu, ukilazimisha sauti utaletewa sauti mbovu. Kuingiza sauti vizuri kunahitaji mwenye tamthilia akupe sauti ya mazingira peke yake: muziki, hatua, milango, mvua, bila maneno ya waigizaji. Usipopewa hiyo, kila mtu anapofungua mdomo inabidi uzime sauti yote ya asili. Ndipo unapokuta watu wanagombana sokoni na soko liko kimya kama kaburi.

Halafu kuna mdomo. Chukua sentensi ya Kiingereza "I told you not to come here". Kiswahili chake ni "Nilikwambia usije hapa". Kwa herufi tumeshinda, 22 dhidi ya 27 ukihesabu na nafasi. Kwa silabi tumeshindwa, 10 dhidi ya 7. Kwenye maandishi inaingia bila taabu. Kwenye mdomo, mwigizaji ameshafunga kinywa na msemaji wetu bado yuko kwenye "usije". Hapo atakimbiza maneno kama mnadi wa mitumba, au mfasiri akate iwe "Si nilikukataza?" (silabi 7). Mfasiri wa kukata hivyo sentensi baada ya sentensi, sehemu 100, anatafutwa kwa tochi.

Bi Mkasi:
Kaka Fremu, hesabu yako ni ya Kiingereza. Tamthilia nyingi zinazowakesha watu huku ni za Kituruki, na Kituruki kinajenga kitenzi kama sisi. "Gelmedim" ni "sikuja": silabi tatu kwa tatu. Tena neno lao la "yeye" halisemi kama ni mwanamume au mwanamke, sawa kabisa na letu. Mhusika akinong'ona "geldi", sisi tuna "amekuja", na siri ya nani kaja inabaki siri.

Tatizo ni njia inayopitiwa. Wengi hawatafsiri kutoka Kituruki, wanatafsiri karatasi ya Kiingereza. Huyo wa katikati lazima achague kama ni "he" au "she", na wakati mwingine anachagua kwa kubahatisha. Pia Kituruki kina "sen" kwa mtu wa karibu na "siz" kwa unayemheshimu. Kiingereza kinavifanya vyote "you", na kwetu vinafika vyote "wewe". Mkwe anamwambia baba mkwe "wewe unasemaje?" utadhani ni wacheza bao. Kanuni ingesema hivi: atafutwe anayejua lugha ya asili, hata kama ni wa kuhakiki tu.

Steringi Hafi:
Nyie mnabishania studio wakati wananchi walishajitatulia zamani. Lufufu kwetu, DJ Afro Kenya, mavijei wa Uganda kwa Kiganda: mtu mmoja, maikrofoni moja, anashusha sauti ya muvi anaposema, anaipandisha ngumi zikianza. Hana haja ya kufuata mdomo kwa sababu hajifanyi mwigizaji. Ni msimulizi. Anakuambia huyu ndiye adui, yule ni shemeji yake, na hapo tunaelekea wapi. Kibanda umiza kinaelewa vizuri kuliko sebule yenye king'amuzi.

Bi Mkasi:
Kinaelewa muvi ya DJ. DJ akieleza kwa sekunde ishirini, mazungumzo mawili yameshapita chini yake, kwa hiyo analazimika kubuni. Kwenye muvi ya ngumi haidhuru. Kwenye hadithi ya upelelezi, hilo neno lililomezwa ndilo lilikuwa ushahidi.

Fremu 25:
Na sheria, mkuu Steringi. Chini ya Mkataba wa Berne wa hakimiliki, ambao Kenya iliingia mwaka 1993 na Tanzania 1994, haki ya kutafsiri ni ya mwenye kazi. Usimulizi wa DJ ni kazi ya sanaa, hilo silipingi. Kuuza muvi ya mtu kwenye flashi bila ruhusa ni jambo jingine.

Steringi Hafi:
Basi vituo viwaajiri madijei kwa muvi zilizolipiwa haki. Umemaliza kesi.

Remoti Mkononi:
Hiyo naiunga mkono kwa muvi. Kwa tamthilia nabaki na sauti. Za Kikorea je?

Bi Mkasi:
Hapo hata mimi natetereka. "Oppa" ni neno la mwanamke kwa kaka yake mkubwa, na pia kwa mpenzi aliyemzidi umri. Weka "kaka" na umeharibu mapenzi. Weka "mpenzi" tangu sehemu ya kwanza na umefichua mwisho. Naona bora libaki "oppa". Watazamaji wa tamthilia za Kikorea wanalijua. Shikamoo nayo itumike kwa uangalifu: kwenye familia ya Seoul inapita, ila kwenye kasri la Sultan inachekesha.

Na tusiwasingizie wafasiri yasiyo yao. Sehemu moja ya Kituruki kwao inafika saa mbili, ikiuzwa nje inakatwa vipande vya kama dakika 45. Ndiyo maana inaishia mtu kashika kitasa tu.

Mgeni wa Jukwaa:
Samahani wakuu, mimi natumia maandishi. Yanaanza vizuri, kufika katikati yamechelewa dakika mbili. Nikiyasogeza yanaharibika mbele.

Fremu 25:
Usiyasogeze. Muvi yako inakwenda fremu (picha) 25 kwa sekunde, maandishi yalipimwa kwa 23.976. Muvi ya dakika 100 inakuwa ya 96, kwa hiyo dakika ya 10 umechelewa kama sekunde 25, na mwishoni dakika nne. Fungua faili kwenye programu ya Subtitle Edit, badili kasi kutoka 23.976 kwenda 25, hifadhi kwa mfumo wa herufi wa UTF-8. Kusogeza (herufi G na H kwenye programu ya video ya VLC) ni kwa maandishi yanayochelewa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho. Ukihamishia kwenye flashi, lipe jina lilelile la muvi na mwisho .srt, la sivyo runinga nyingi hazitaliona.

Remoti Mkononi:
Na bibi afanye yote hayo?