Kichefuchefu cha Asubuhi: Gumzo la Kikundi cha Familia

Rehema: Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za asubuhi. Naomba ushauri wenu kuhusu jambo moja. Tangu nilipofanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula ili nipungue uzito, mwezi uliopita, mchana na jioni ninaendelea vizuri, lakini kila ninapoamka mate hunijaa mdomoni, roho hunichafuka, na hata harufu ya sabuni ya kuogea hunikimbiza hadi kwenye sinki. Mara nyingi sitapiki chochote isipokuwa ute mweupe.

Mjomba Hamisi: Marahaba mwanangu, pole sana. Mimi naona tumbo likilala tupu ni lazima lichafuke. Kwa nini usinywe glasi nzima ya maji mara tu uamkapo, kisha ukala kitu cha kukushibisha?

Salma: Shikamoo mjomba. Kwa heshima zote, glasi hiyo nzima ndiyo itakayomtapisha. Katika upasuaji wa aina aliyofanyiwa Rehema, takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula huondolewa, na kinachobaki ni mrija mwembamba ambao katika wiki za mwanzo bado una uvimbe, kwa hiyo maji yakiingia kwa pupa hayana pa kwenda ila kurudi yalikotoka. Rehema, jana ulikunywa maji kiasi gani, na mkojo wako wa asubuhi una rangi gani?

Rehema: Chupa yangu ya lita moja nililala nayo ikiwa haijafika nusu. Mkojo ni wa njano iliyokolea sana.

Salma: Basi tuanzie hapo, kwa sababu upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya kichefuchefu baada ya upasuaji huu, na ubaya wake ni kwamba ukichafukwa unashindwa kunywa, na usipokunywa unazidi kuchafukwa. Usiku kucha hunywi, kwa hiyo asubuhi ndipo mwili unapokuwa mkavu zaidi, na ute nao umekusanyika tumboni. Lengo la kawaida ni lita 1.5 hadi 2 kwa siku. Katika kipindi hiki wengi huanza na mililita 30 kwa kila dakika 15, yaani mililita 120 kwa saa, na ukipiga hesabu utaona kwamba hata hiyo lita 1.5 inahitaji zaidi ya saa 12. Anayeanza kunywa saa nne asubuhi ni vigumu kuifikia kabla ya kulala, hata awe na bidii namna gani.

Kaka Idi: Kwa hiyo afanye nini hasa anapofumbua macho?

Salma: Aweke chupa ya maji moto kando ya kitanda tangu usiku. Akiamka, aketi wima kabla ya kusimama, anywe funda moja la maji ya uvuguvugu, alimeze taratibu, asubiri, ndipo anywe jingine. Maji ya uvuguvugu huwatulia wengi kuliko ya baridi, ingawa wapo wanaopendelea vipande vya barafu, na hapo kila mtu aufuate mwili wake. Kifungua kinywa kisubiri nusu saa baada ya maji, na akishakula asinywe tena mpaka nusu saa nyingine ipite. Rehema, vidonge vyako unavimeza saa ngapi?

Rehema: Vyote asubuhi, mara tu ninapoamka, ili nisisahau.

Salma: Pamoja na vile vya madini ya chuma?

Rehema: Ndiyo, na vya kalisi.

Salma: Sishangai tena. Madini ya chuma juu ya tumbo tupu humchafua hata mtu ambaye hajawahi kupasuliwa, na yakimezwa pamoja na kalisi hayafyonzwi vizuri, kwa hiyo vipishane kwa angalau saa mbili. Usiviache hata kimoja, maana utavihitaji maisha yako yote. Piga simu kliniki, uwaombe wakupangie ratiba, na kama kidonge cha chuma kitaendelea kukusumbua hata ukikimeza jioni baada ya chakula, wanaweza kukubadilishia aina.

Kaka Idi: Niongeze kwamba huyu dada hula usiku sana na kulala papo hapo. Nimemsikia akilalamika kiungulia.

Salma: Asante kwa kumsemea. Chakula cha mwisho kiliwe muda wa saa tatu kabla ya kulala, kichwa cha kitanda kiinuliwe, na dawa ya kupunguza asidi isikatishwe bila ruhusa ya daktari.

Shangazi Zuhura: Nimewasoma wote kimya kimya. Naona Salma anaona haya mbele ya mjomba wake, basi nitasema mimi: mwanamke aliyeolewa anayechafukwa kila asubuhi apime mimba.

Salma: Shikamoo shangazi. Nilitaka kumwandikia faraghani, lakini umesema kweli. Uzito unapoanza kupungua uwezo wa kushika mimba huweza kurudi haraka, na vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki kwa mtu anayetapika. Tena hushauriwa mimba isubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, kwa hiyo ni vema kujua mapema. Na jambo moja ambalo halingoji ratiba yoyote: ukishindwa kushikilia hata maji kwa siku nzima, ukipata homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo au matapishi yenye damu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kutapika kunakoendelea humaliza vitamini B1 mwilini, na ukianza kuona vitu viwili viwili, kuyumba unapotembea au kuchanganyikiwa, waambie waziwazi kwamba ulipasuliwa tumbo, ili wakupe vitamini hiyo kabla ya dripu ya sukari.

Rehema: Nimeelewa, na nashukuru sana. Macho na miguu viko sawa. Kliniki nitaipigia wakifungua, na kipimo nitakinunua leo, shangazi. Mjomba asijifanye hajasoma.

Mjomba Hamisi: Nimesoma, mwanangu, na glasi yangu nimeifuta. Kesho saa 12 asubuhi nitakupigia ili nihakikishe umeketi na funda la kwanza limeshuka.